Gari la Mwalimu Takyi Lisilojiwasha

Afrakoma Dwomoh alikuwa ametimiza miaka ishirini na saba katika ufundi wa umeme wa magari pale Suame, mtaa wa magereji, na magoti yalikuwa yakimuuma. Mimi nachomelea mabomba ya moshi kando ya banda lake, kwa hiyo nililiona gari la Mwalimu Takyi likirudi kwa mara ya tatu na tatizo lilelile.

Lilikuwa gari la mtumba kutoka Ulaya, la aina inayojizima injini ukisimama kwenye taa na kujiwasha ukiachia breki. Ila hili mara nyingine lilijizima likakataa kuwaka. Asubuhi hiyo lilikuwa limegoma katikati ya msongamano wa soko la Kejetia.

"Mama Afrakoma, mabasi ya trotro yamenipigia honi mpaka nikasahau jina langu," alisema Mwalimu. "Muuza maji ananiambia, 'Mzee, hapa si pa kulala!'"

"Ulizungusha ufunguo?"

"Nikazungusha, likawaka palepale. Kama vile halikuwa na ugomvi na mtu."

Afrakoma hakucheka. Mara ya kwanza alikuwa amembadilishia betri. Mara ya pili akasafisha nyaya. Sasa alikaa juu ya tairi kuukuu, akalitazama gari.

"Si kuna kitufe cha kuzima huo mtindo?" nikamwambia. "Awe anabonyeza, yaishe."

"Kila safari abonyeze? Ana miaka sabini na mbili, atasahau. Niache."

Akajivuta hadi kwenye usukani. Gari likajizima, akaachia breki, likawaka. Akarudia mara nane. Mara ya tisa lilipojizima, Mwalimu, aliyechoka kusimama, akaegemea boneti. Afrakoma akaachia breki. Kimya.

"Mwalimu, usisogee!"

Kwenye dashibodi kulikuwa kumewaka alama ya boneti iliyo wazi. Gari likidhani boneti iko wazi halijiwashi lenyewe, lisije likamkata fundi vidole. Afrakoma akafungua boneti, akapapasa kwenye kufuli yake. Plagi ya swichi inayoliambia gari kwamba boneti imefungwa ilikuwa imeingia nusu tu. Ukiitikisa, inaachia.

Akaisukuma mpaka ikalia tak. Aliyefungua kufuli ile mwezi wa pili, akibadilisha honi kabla tatizo halijaanza, alikuwa yeye mwenyewe.

"Mwalimu, plagi hii niliiacha mimi," akasema. "Betri yako ya zamani haikuwa na ubaya wowote. Nakurudishia pesa yako."

Mwalimu akamtazama. "Darasani kwangu, mtoto akikiri mwenyewe nilikuwa namwambia akae chini, bila fimbo."

"Basi ngoja nikae kweli," alijibu Afrakoma, akarudi kwenye tairi lake.

Mchana Mwalimu akapiga simu: taa sita, na mara zote limewaka. Afrakoma akasema, "Vizuri, baba," akaiweka simu kifudifudi. Kenkey yake, donge la unga wa mahindi la chakula cha mchana, ilikuwa imepoa, na nje kulikuwa na mtu akipiga hodi, kashika ufunguo wa gari mkononi.

"Mwambie asubiri kidogo," aliniambia, macho kayafumba. "Kidogo tu."