Vigae vya Ukumbini Kwetu

Juzi niliuliza bei ya chumba katika hoteli moja Mji Mkongwe. Niliuliza mara mbili, maana chumba chenyewe zamani kilikuwa ukumbi wa nyumba yetu. Vigae vyetu vyekundu vya udongo wamevipaka vanishi, bila haya.

Mchana wetu wa mwisho mle, nikiwa mtoto, mama alivisugua kwa kumbi la nazi, akavipaka mafuta mpaka nyumba nzima ikanukia. Nilidhani wageni wanakuja, nikasubiri biriani.

"Unamsugulia nani, wifi?" shangazi alifoka. "Nyumba si serikali ishatunyang'anya?"

"Wasije kusema tuliishi uchafuni."

Akaingia bwana aliyepewa nyumba, na mabuti yake ya tope.

"Vua viatu, mwanangu," mama alimwambia. "Nyumba umepewa, adabu hukupewa?"

Yule bwana akacheka, akapita. Mama akainama, akafuta nyayo moja moja, akirudi kinyumenyume mpaka mlangoni, ndipo tukatoka.