Tambi Zilizomliza Baba Mkwe

Wenzangu, hili jambo nikilisimulia hadi leo naangalia kwanza nani amekaa karibu, maana aibu yake haijapoa. Mimi, mwalimu wa kemia, ninayelipwa na serikali kuwafundisha watoto wa watu kwamba mafuta na maji hayachanganyiki, niliwaliza wakwe zangu sebuleni kwangu, wao wakaamini wameshukiwa na Roho, na mimi nikanyamaza. Ubaya wenyewe uko hapo kwenye kunyamaza.

Ilikuwa Jumatano jioni, saa kumi na mbili. Naishi Rungwe Mpya, huku Kasulu, kwenye nyumba ya mwalimu, peke yangu (kwetu ni Korogwe, huku nimeletwa na ajira), na siku za kazi chakula changu ni kimoja tu, tambi za pakiti, zile za dakika mbili, ila siwezi kuzila hivi hivi, lazima nikaange kitunguu na nyanya kwenye mawese halafu nitie pilipili kichaa mpaka kichwa kiwashe. Siku hiyo kinu changu kilikuwa kwa jirani. Nikasema ya nini kumsumbua mama wa watu, nikazifikicha pilipili kwa vidole, nane nzima, pamoja na chumvi na mawese, nikafikicha hadi ikawa rojo. Maji yalikuwa yamebaki ya kuchemshia tambi tu, kwa hiyo sikunawa, nikajifuta kwa kitambaa cha jikoni nikaona yameisha.

"Hodi humu!"

Nikachungulia dirishani. Alikuwa Mzee Ndayizeye, baba yake Esta mchumba wangu, pamoja na dada yake, Shangazi Yudita, wametoka Titye bila taarifa yoyote! Barua yangu ya posa ilikuwa kwao tangu mwezi uliopita na jibu lilikuwa halijaja. Esta alishanionya: "Baba atakuja mwenyewe kuona unavyoishi, na hatakwambia siku." Kwa hiyo nilijua kabisa kwamba nikiharibu jioni ile, Esta nimemkosa.

Nikafungua mlango, nikainama kwa heshima zote, nikatoa mikono miwili. Sasa wanaokujua huku wanajua, wazee hawa hawakusalimii kwa kukugusa na kukuachia kama watu wa mjini. Mzee alinishika mikono yote miwili akaibana. "Amahoro, mwalimu? Nyumbani amahoro? Korogwe wazima? Mama yako mzima? Na shule?" Kila nikijibu anasugua tena. Akaja Shangazi naye, vilevile, toka kiganjani hadi kwenye kifundo.

"Kabla hatujakaa tuombe," akasema Shangazi, ambaye kanisani kwao ndiye kiongozi wa maombi. Wakafunika nyuso zao kwa viganja, kama wanavyoomba siku zote, na mama yule akaanza.

Nadhani haikupita dakika. Mzee akaguna. Kisha akasema, "Yesu!" Kisha akapiga kelele, "Yesu wangu wee!" na machozi yakaanza kumtoka mtu ambaye Esta aliniambia hakulia hata siku ya kumzika mkewe. Shangazi kusikia hivyo akapandisha sauti, akajibana uso zaidi, mara naye, "Moto! Ninausikia moto!" Mimi nimefumbua jicho moja, nimeduwaa, nashangaa wamepatwa na nini, ndipo nikaitazama mikono yangu, na chini ya ukucha wa kidole gumba kuna mbegu ya pilipili imetulia.

Mungu wangu. Nilitakiwa kusema pale pale, sentensi moja tu, na badala yake nikasema, "Amina!"

Nikakimbia jikoni kuwaletea kitu cha kujifutia, na kwa akili nilizokuwa nazo nikaleta kile kitambaa. Mzee akajifuta, akapiga magoti.

Walipotulia, macho yamevimba, mzee akanishika bega. "Mwalimu, nimeingia nyumba nyingi. Hii ina Mungu. Esta ni wako."

Nikasema asante, baba. Chakula hawakula, Shangazi alisema baada ya jambo kama lile anafunga. Nikala tambi zote peke yangu, zimeshakuwa donge, na hata Esta sikumwambia kitu.

Nilidhani imeishia hapo. Jumapili nikaenda kanisani kwao, Titye, nikaketi mbele kama mkwe. Shangazi akatoa ushuhuda, watu wakapiga makofi na vigelegele, wengine wananigeukia, nami natabasamu kama mjinga. Halafu akasimama mzee mwenyewe.

"Mnajua jicho langu hili lina mtoto wa jicho," akasema. "Jumanne nilikuwa niende Kasulu hospitali wanipasue. Siendi tena. Jumatano nitarudi kwa mwalimu, niombewe palepale moto uliponishukia."

Mzee wa watu anataka kuacha jicho lake lipotee kwa ajili ya tambi zangu! Nikamtazama Esta kwenye kwaya, nikajiambia namkosa leo, nikasimama.

"Baba, nenda hospitali. Ilikuwa pilipili."

Mchungaji akanisogezea kipaza sauti, sijui kwa nini. "Pilipili gani?" akauliza Shangazi. "Kichaa," nikasema, na neno hilo likatoka kwenye spika zote mbili hadi barabarani. Ikabidi nieleze yote, kinu, maji, kitambaa, watu wakaanza kuangua kicheko, Esta akajifunika kitenge usoni nikashindwa kujua analia au anacheka. Mzee hakucheka. Aliketi, akaangalia mbele, na ibada ilipoisha akanipita.

Jumanne alikwenda hospitali. Siku tatu sikupokea simu ya mtu, Ijumaa nikajikaza nikaenda kwao kumpa pole. Nilimkuta barazani na bandeji, majirani wamejaa. Nikainama, nikatoa mikono miwili. Yeye yake akaiweka nyuma.

"Kanawe."

Nikanawa kwa sabuni, wote wananitazama.

"Tena."

Nikanawa. Akaniambia tena, nikanawa mara ya tatu, na ya nne nikaongeza mwenyewe. Kisha akabandua bandeji taratibu, akanikabidhi kichupa cha dawa ya matone, akaegemeza kichwa kwenye kiti na kufumbua lile jicho jekundu.

"Haya, mkwe. Niwekee."

Sijawahi kutetemeka vile, hata siku ya harusi sikufika nusu yake. Na tangu hapo pilipili haiingii jikoni kwangu, tambi nazila na chumvi, hazina ladha yoyote, nami sithubutu kulalamika.