Bima ya Mpima Maji

Watu wakisikia kwamba napima maji wanadhani nina kipawa. Sina. Nina mashine, nyaya ndefu, vigingi vya chuma na nyundo. Napitisha umeme ardhini, nasoma namba, halafu nasema chimbeni hapa, pale msipoteze muda. Kwa miaka mingi niliifanya kazi hiyo chini ya kampuni moja ya Mwanza, na mambo yakiharibika aliyepigiwa simu alikuwa mwenye kampuni. Mimi nilikuwa nalala usingizi wangu. Kisha kichwa kikanivimba, nikaacha kazi, nikarudi Bariadi kuwa bosi wangu mwenyewe.

Kazi ya kwanza ilikuja upesi kuliko nilivyotegemea. Shirika moja lilitaka kuchimba kisima katika kijiji kimoja upande wa Sapiwi, na mimi nikaonyeshe mahali pa kuchimba. Nilifurahi mpaka nikawanunulia soda watu waliokaa jirani yangu kwenye mgahawa. Nyumbani nikausoma mkataba kwa utulivu, na furaha ikaishia ukurasa wa tatu. Pale palikuwa pameandikwa kwamba kabla sijagusa ardhi nilete cheti cha bima ya dhima ya kitaaluma. Bila cheti hicho, kazi anapewa mwingine.

Kwa kifupi ni bima inayomlipa mteja wako pale ushauri wako mbaya unapomtia hasara. Ukiwa umeajiriwa huhitaji kuijua. Nilipoanza kuifikiria ndipo nikaogopa kwa kweli. Nikidaiwa hakuna kampuni ya kusimama mbele yangu. Nipo mimi na nyumba moja Kiloleli, niliyoijenga tofali kwa tofali, na mama yangu anakaa humo.

Nikaenda kwa wakala wa bima karibu na stendi. Ni mtu mpole, mwenyeji wa Moshi, na upole wake ulinichosha kuliko ukali.

"Gari aina gani, dada?" akaniuliza, mkono tayari uko kwenye kompyuta.

"Siyo gari, kaka. Nataka bima ya kazi yangu."

"Ahaa, ya moto. Duka lako liko wapi?"

"Sina duka. Mimi natoa ushauri. Nikishauri vibaya mteja akapata hasara, bima imlipe."

Akaondoa mkono kwenye kompyuta, akanitazama kwa huruma. "Sasa dada, kwa nini umshauri vibaya?"

Nilitoka nje nikapunga hewa, nikarudi. Tukapiga simu makao makuu. Waliuliza kama mimi ni daktari. Hapana. Mwanasheria? Hapana. Mhasibu? Nikasema napima maji yaliyo chini ya ardhi, wakasema watanipigia. Hawakupiga. Nikapiga mimi, nikampata mtu mwingine, nikaanza hadithi upya tangu mwanzo. Huku watu wa shirika nao wananitumia meseji za kuuliza cheti kiko wapi. Nilikuwa nagombana na kila mtu wiki ile, hata muuza vitumbua.

Mwishowe zikaja bima mbili. Ya kwanza ilikuwa rahisi mno, na wakala akaisifia. Nikaisoma mpaka mwisho. Huko chini kabisa, kwa maandishi madogo, walisema haihusu ushauri wowote juu ya vitu vilivyo chini ya ardhi. Nilicheka kwa hasira. Kazi yangu yote iko chini ya ardhi! Ni kama kumuuzia mvuvi wa Kalemela bima isiyohusu ziwa.

"Lakini cheti utapata, dada," wakala akasema. "Shirika linataka kuona cheti tu. Nani atasoma yote hayo?"

Alisema kweli, na ndiyo maana aliniudhi. Nilikaa kwenye kile kiti cha plastiki nikiitamani ile bima bandia. Kisha nikaifikiria nyumba ya Kiloleli, nikaomba ile ya pili.

Ya pili ilikuwa ghali, na ilikubali kwamba maji yapo chini ya ardhi. Ila ilikuwa na masharti yake. Ilitakiwa iwe hai siku nitakayodaiwa, siyo siku niliyofanya kazi, maana yake niendelee kuilipia hata nikistaafu. Hilo nikalimeza. Nikaanza kuuliza mengine.

"Nikipima vizuri, wakachimba, wakakosa maji?"

"Hatulipi, kwa sababu hujakosea. Ila wakikushtaki tunakuwekea wakili."

"Na nikiwaambia maji yapo, halafu yasiwepo?"

"Hapo umetoa ahadi, dada. Bima haihusu ahadi."

"Na nikikosea kweli, nikaenda kijijini kuwaona?"

Akatikisa kichwa. "Usiende. Usikiri, usiombe radhi, usiseme utarekebisha. Unatuambia sisi kwanza, halafu unakaa kimya. Ukienda mwenyewe, bima imekufa."

Nilijaribu kumweleza. Huku kwetu aliyeharibu ndiye anayetangulia kufika. Ng'ombe wako wakiingia kwenye mahindi ya jirani, unafika kwake kabla yeye hajafika kwako, unakaa chini, mnaongea. Anayesubiri kuitwa anakuwa ameshahukumiwa, na watoto wake watabeba jina hilo. Wakala akanisikiliza mpaka mwisho kwa upole wake uleule.

"Nakuelewa," akasema. "Lakini hiyo haimo."

Nikalipa. Zilikuwa pesa nilizotenga kwa ajili ya betri mpya ya mashine.

Kijijini walitukutanisha kwenye ghala la kununulia pamba, likiwa tupu kwa kuwa msimu ulikuwa umekwisha. Tukasalimiana, mwadila huku, mwadila kule, kisha mwenyekiti wa kijiji akanionyesha bomba lililosimama nyuma ya ghala, mdomo wake umezibwa kwa jiwe. Kabla yangu alikuja mpima mwingine. Alipima, akaapa kwamba maji yapo, wakachimba wakakuta vumbi. Kina mama bado walikuwa wanafukua mchanga wa mto mkavu na kusubiri maji yajikusanye kikombe kwa kikombe.

"Sasa wewe utuambie," mwenyekiti akasema. "Maji yapo au hayapo?"

Nikasema nilichofundishwa. Nitapima, nitawaonyesha mahali penye dalili nzuri kuliko pengine, ila siwezi kuahidi. Minong'ono ikazagaa. Mzee mmoja akacheka, "Kumbe hata yeye hajui!" Uso ulinichoma. Nilitamani kusema yapo, neno moja tu, nipendwe.

Mama mmoja aliyekaa juu ya dumu lake akanyanyua mkono. Miguu yake ilikuwa na mchanga wa mtoni mpaka magotini.

"Yule wa kwanza tulimpigia simu mpaka tukachoka," akasema. "Hatukutaka hela yake. Tulitaka aje aone, akae na sisi, atuambie amekosea wapi. Hakuja mpaka leo. Wewe mwenzetu unasema hujui. Sawa. Lakini ukikosea, utakuja?"

Katika maswali yote niliyokuwa nimeyaandalia majibu, hilo halikuwemo. Cheti kilikuwa kwenye begi langu, bado kinanukia wino. Nilimkasirikia yule mama, nikamkasirikia wakala, nikakikasirikia kiburi changu kilichonitoa Mwanza. Wao wakasubiri tu.

"Nitakuja, mayu," nikasema. "Hata msiponiita."

"Wabeja," akanishukuru, akainuka kwenye dumu lake, akachukua vigingi vyangu viwili na kuniuliza tunaanzia upande gani. Nilikuwa nimehangaika wiki nzima kuinunua ile bima, nikaivunja kabla sijapigilia kigingi cha kwanza.

Maji yalipatikana, ila sifa ni ya ile ardhi. Tangu siku hiyo nimepima vijiji vingi, na kila mwaka naenda kwa wakala yule kuilipia bima, kwa sababu bila cheti sipati kazi. Na kila kijiji, kwa namna moja au nyingine, huniuliza swali la yule mama, nami hujibu vilevile kabla sijashusha nyaya. Mama yangu hajui kwamba kila nikijibu hivyo naiweka rehani nyumba anayolala. Nikimpigia simu Kiloleli huuliza tu kama watu wamepata maji.