Fyuzi Mfukoni mwa Shemeji Urbanus

Shemeji yangu Urbanus Komba alizaliwa kwenye kambi ya wakata mkonge karibu na Kimamba. Umeme alijifunzia karakana ya shamba, na huko huko mashine ya kufunga robota ikamnyang'anya vidole viwili vya mkono wa kulia. Shamba lilipouzwa kwa mtu binafsi, akapunguzwa kazini pamoja na wenzake. Yeye na dada yangu Odilia wakahamia Mabwerebwere; dada akawa anasuka nywele barazani, shemeji akawa fundi wa kuitwa.

Alikuwa mtu wa vituko. Hakugusa chuma kigeni kwa kiganja. Kwanza alikipapasa kwa mgongo wa mkono kuona kama kina umeme, hata geti la kanisa. Watoto wa mtaani walimwiga, naye akacheka nao.

Mwaka 1996 Kondo, aliyewahi kuwa dereva wa malori, alimwita Mikumi. Alikuwa amejenga gesti kando ya barabara kuu, na friji la nyama la jikoni lilikuwa linapiga shoti. Mpishi wake, Joha, alikuwa ameapa kutoligusa tena. Siku hiyo Odilia alifuatana na mumewe ili awasuke mama lishe wa stendi ya jirani; mimi nikaenda kumsaidia dada.

Jiko lilikuwa nyuma, mbali na nyumba kubwa. Umeme ulifika huko kwa kebo nene iliyozikwa uani, ile ambayo chini ya ganda lake imezungukwa na nyaya za chuma. Shemeji alifungua paneli ya umeme mbele ya nyumba kubwa, akamulika na tochi, akaguna.

"Kondo, njoo uone. Nyaya hizi za chuma ndizo erthi ya jikoni. Fundi wako amezikata fupi, akazifunika kwa utepe. Hazijashikana na kitu."

"Si taa zinawaka?"

"Taa zinawaka, ndiyo. Lakini umeme ukivuja kwenye friji hauna njia ya kurudi. Unamsubiri Joha."

Kondo akatazama saa. Jioni ile alitegemea basi zima la walimu waliokuwa wakienda Iringa. "Basi mzee wangu, funga hivyo hivyo. Kesho kutwa utarekebisha."

Shemeji alizima swichi kuu, akachomoa fyuzi moja baada ya nyingine, akazitia mfukoni mwa suruali, kisha akaketi kizingitini.

"Nirudishie fyuzi zangu!" Kondo alifoka hadi watu wa barabarani wakageuka. "Nitaita fundi mwingine!"

"Mwite. Akija nitamwonyesha nilichokuonyesha wewe."

Sisi tulisikia kelele tukaja mbio, Odilia kitana bado mkononi. Alimwuliza mumewe, "Baba Yeremia, umepungukiwa nini?"

"Mkanda wa shaba, mama, wa kuunga hizi nyaya na erthi ya paneli. Unapatikana Morogoro. Hapa nina kipande cha kebo tu. Shaba yake ningeisuka, lakini..." Akainua mkono wake wenye vidole vitatu.

"Ilete."

Dada alikaa kwenye ngazi, akagawa nyuzi za shaba mafungu matatu, mimi nikashika ncha. Alisuka akivuta na kubana kama anamsuka mtoto mkorofi, na vidole vikamtoka damu mara mbili. Shemeji aliugonga ule msuko kwa nyundo ukawa bapa. Akaikata upya ncha ya ile kebo ya uani, akazitandaza nyaya za chuma na kuzibana pamoja na msuko kwa kibano cha mpira wa rejeta alichokitoa Kondo mwenyewe kwenye lori lake bovu. Upande wa pili akakwangua rangi ya paneli hadi chuma king'ae, akaufunga kwa boliti pale penye waya wa erthi. Akapima kwa mita, akapima tena, ndipo akarudisha fyuzi.

Jikoni Joha alisimama mlangoni. Shemeji akapapasa friji kwa mgongo wa mkono, kisha akaliegemea kwa bega zima. Joha akasogea taratibu, akaligusa kwa kidole kimoja, akaangua kicheko.

Kondo akamgeukia dada yangu, sauti imeshuka. "Shikamoo, mama. Umesomea wapi ufundi?"

"Marahaba. Mimi ni msusi tu, mwanangu."

Wiki iliyofuata shemeji alirudi na vifaa kamili vya Morogoro akaubadilisha ule msuko. Kondo hakukubali utupwe, aliutundika mapokezi. Na kila mgeni aliyemwuliza alimweleza habari zake, akiiruka kidogo ile sehemu aliyofoka.

Tangu hapo Urbanus alipoitwa kazi, Mikumi au Dumila, aliuliza kwanza kama mkewe ana nafasi. Macho yake yalikuwa yanaanza kufifia, akawa anamwachia Odilia kusoma mita. Nimewakuta mara nyingi wameinama pamoja mbele ya paneli, dada akitaja tarakimu, shemeji akiitikia, "Haya, mama. Soma tena."