Mwali Anatazama Nini

Siku yangu ya kwanza kazini, Bwana Mifugo wa shamba la serikali, pale chini ya Uluguru, aliniuliza kama nimewahi kumpiga picha farasi.

"Mzee, farasi mwenyewe ndiyo kwanza namwona leo."

Akacheka. "Basi mko sawa. Naye hajaona kamera."

Nilitoka studio ya mjini na elimu yangu ya darasa la nne. Mpaka leo sijui kwa nini walinichukua mimi. Kazi nilijifunzia kwa ng'ombe: jua liwe mgongoni kwako, upige magoti kamera ilingane na tumbo, maana ukimpiga mnyama kutoka juu miguu inatoka mifupi. Farasi ana sharti la ziada. Masikio yaelekee mbele. Yakilala nyuma, hata awe mzuri vipi, anaonekana mgomvi.

Tulikuwa naye mmoja tu, jike, masalia ya shamba la mkonge lililotaifishwa. Mtunzaji wake, Mzee Mkude wa Kinole, alimwita Mwali. Mzee huyu alifiwa na mkewe na hakujaliwa mtoto. Jioni ungemsikia bandani akimsimulia farasi habari za sokoni Mkuyuni. Nami nilikuwa mtu wa chumba kimoja, sina wa kuniuliza nimeshindaje, basi nilikaa karibu nikisikiliza, ingawa maongezi hayakuwa yangu.

Ikaja amri Mwali ahamishiwe shamba la kaskazini, na picha yake itangulie wizarani. Mzee Mkude akaniambia, "Mwanangu, nipige naye. Nibaki na kitu."

Bwana Mifugo akakataa. "Wameomba mnyama, ndugu, hawakuomba picha ya harusi."

Filamu zilikuwa adimu. Nikapiga miluzi, nikatikisa kofia. Mwali akalaza masikio tu. "Mwali hamtazami kila mtu," Mzee Mkude akanitania. Akaja akasimama mbele yake, akamwita taratibu kwa Kiluguru. Masikio yakasimama. Nikapiga, na filamu ikaishia hapo.

Picha ikawa nzuri, ila mzee alikuwa ndani yake, na mlima nyuma ulikuwa mweusi sawa na farasi. Ninyi leo mnafuta kwa kidole. Sisi tulipaka rangi nyekundu juu ya negativu, yaani filamu iliyokwisha kusafishwa, kwa brashi ya nywele chache. Palipopakwa mwanga haupiti, na karatasi inabaki nyeupe. Nikaupaka mlima, nikaipaka kamba aliyofungwa farasi, nikampaka Mzee Mkude.

"Safi!" akasema Bwana Mifugo. "Ametulia kama anasikiliza taarifa ya habari."

Lori lilipoondoka na Mwali, Mzee Mkude alikuja mlangoni kwangu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ile yangu ipo?"

Nikarudi kwa Bwana Mifugo. Nisimwonee: karatasi za picha zilikuwa za mgao, na aliyeulizwa kila moja ni yeye. Akasema, "Kuna ile moja iliyoingia mwanga pembeni. Hiyo mimi siijui."

Rangi ile hutoka kwa maji. Nikaiosha negativu polepole, akarudi mzee, ukarudi mlima. Ukingo wa karatasi ulioingia mwanga ungetoka mweusi na kukatwa, kwa hiyo nikauweka upande wa mkia, si wa mzee.

Mzee Mkude aliishika picha kwa mikono miwili. "Mkia uko wapi?"

"Umekatika, mzee. Nisamehe."

"Afadhali. Ndio uliokuwa ukinichapa usoni." Akacheka, akafuta macho, akaenda zake. Punde akarudi kwao Kinole, nami nikahamishwa Mpwapwa, kisha Mbeya, chini ya mabwana mifugo wengine. Hatukuonana tena.

Sasa nimestaafu, nakaa Bigwa peke yangu. Sijui kama kazi yangu ilikuwa kubwa. Ukutani nina picha moja, nakala ya majaribio ya ile ya wizarani: farasi masikio mbele, na mbele yake weupe mtupu. Wageni ni wachache, lakini kila anayeingia huuliza, "Huyu anatazama nini?"

Huwa namvutia kiti kwanza.