Nilibadilisha magurudumu ya skates, nikamharibia mzee biashara sokoni Garsen

Wakuu, habari zenu. Haya yamenitokea wiki hii na sijaongeza chumvi. Ningependa hata kupunguza, lakini watu wa Garsen wako humu, watanikosoa.

Mimi ni mtu wa kuzunguka. Shule niliiacha darasa la sita, ila kitu chochote chenye skrubu lazima nikifungue nione ndani.

Malindi nilinunua skates za mtumba, viatu vile vya kuteleza vyenye magurudumu manne kwa mstari mmoja, na mpira wa breki nyuma ya kisigino. Magurudumu yalikuwa madogo na laini, ukiyabonyeza kwa kucha yanabonyea. Spidi ya kawaida tu, lakini yalishika lami na breki ilikuwa breki.

Hapo ningetulia.

Nikapata seti nyingine, makubwa, magumu kama kwato. Kwa wasiojua: gurudumu kubwa likishashika mwendo halitaki kuuacha, na gumu halishiki sana chini, linateleza.

Nikayafunga. Niliona kabisa kiatu kimeinuka na mpira wa breki umebaki juu. Nikajiambia nitazoea.

Asubuhi ya siku ya soko la mifugo nilikunywa chai na Mzee Barisa, mfugaji wa Kiorma. Alileta dume moja la ng'ombe. Mkewe haoni, macho yamezibwa na mtoto wa jicho, anangojewa Malindi kwa upasuaji, na pesa ya dume hilo ndiyo ingempeleka.

Aliangalia miguu yangu, akacheka. "Mwanangu, hivi viatu vinasimama?"

"Vinasimama, mzee."

Jamani.

Nikaingia barabarani. Pale ni tambarare, lakini upepo ulikuwa mgongoni. Nikawapita bodaboda wa stejini wakinishangilia, kichwa kikavimba. Mara mbuzi wakakatiza mbele ya soko.

Nikainua vidole vya mguu ili breki iguse. Mpira ukabaki hewani. Nikaburuta mguu mmoja nyuma kiubavu, mbinu ambayo kwa yale laini haikuwahi kuniangusha. Haya magumu yakateleza juu ya mchanga kama sabuni. Nikakata kulia kuwakwepa mbuzi, nikatoka lami, magurudumu yakazama kwenye vumbi, mimi nikaendelea.

Niliowaangukia ni Mzee Barisa na mnunuzi wake.

Kwa wageni wa huku: bei ya ng'ombe haitajwi kwa mdomo. Wawili wanashikana mikono chini ya shuka, wanaminyana vidole, na waliosimama pembeni hawaambulii kitu. Mimi nilianguka na shuka. Mikono ikabaki wazi, vidole vya mnunuzi vikiwa bado kwenye kiganja cha mzee, soko zima likivihesabu.

Mnunuzi akang'oa mkono. "Sasa kila mwenye ng'ombe hapa atanidai bei hiyohiyo!" Akaondoka zake.

Bodaboda mmoja akapiga kelele, "Oya! Hata ng'ombe ana breki!"

Watu wakavunjika mbavu. Mzee hakucheka. Aliinama, akanipangusa mchanga magotini, akauliza, "Umeumia, mwanangu?"

Afadhali angenichapa fimbo.

Mnunuzi mwingine hakupatikana. Jioni nilimwona mzee akirudi nyumbani na dume lake, nikajificha nyuma ya lori. Hapo ndipo panaponiuma kuliko magoti.

Nilichojifunza: ukibadilisha magurudumu, jaribu kusimama kabla hujajaribu kukimbia. Ukiweka makubwa, hakikisha breki inafika chini. Na lami yenye mchanga kama yetu inataka laini, hata kama yanaisha haraka. Macho yangu yaliona tatizo mapema, kiburi kikanikataza.

Yale laini nimeshayarudisha. Lakini kabla ya soko lijalo nitakwenda kwa miguu mpaka kwa Mzee Barisa, nimsaidie kulileta dume. Nikipiga hodi, mkewe ndiye atakayekuja mlangoni, na hataniona. Atauliza ni nani.

Wakuu, nimjibu nini?