Kivuko cha Kwenda kwa Mama Mdogo

Wakati wetu, mpaka wa Tanzania ulikuwa kamba tu. Sisi watoto wa Nyacheki, kijiji cha milimani, tuliokulia kati ya majani chai na migomba, hatukujua kwamba nchi ina mlango. Shule zikifungwa Disemba, Mama alitugawia mizigo, huyu ndizi mbivu, huyu unga wa wimbi, na mimi kuku aliyefungwa miguu, tukateremka hadi Isebania pale mpakani. Askari alikuwa ameshika kamba katikati ya barabara. Akiuliza tunaenda wapi, tulimjibu kwa pamoja kwa Kiswahili chetu cha darasani, "Tunaenda kwa mama mdogo!" Alicheka, akaishusha kamba. Habari ya viza na vibali iliishia hapo.

Mama mdogo alikuwa Kemunto, mdogo wa Mama wa kufuatana naye, aliyeolewa Musoma. Kwenda kwake tulipitia Tarime hadi Kinesi, kisha tukapanda kivuko. Ah, kivuko kile! Kilinuka dizeli na dagaa, na sakafu yake ya chuma iliunguza nyayo. Sisi watu wa milimani hatujui kuogelea, na Mama alikaa katikati kabisa, mbali na ukingo, amekumbatia kikapu na kuimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini. "Maji hayana tawi la kushika," alituambia kila mara, na ole wake aliyechungulia.

Simu hazikuwepo. Mama alituma neno kwa wafanyabiashara kwamba tutakuja wiki fulani, basi. Kwa hiyo mama mdogo alishinda gatini. Kila kivuko kilichotia nanga alisimama akapunga leso yake nyekundu, tuwe ndani tusiwe ndani, na kisipokuwa chetu alirudi kivulini kungoja kingine. Tulimwona kutoka mbali, tukaanza kupiga kelele. Tukishuka tu, watu wa huko walitungoja tuseme shikamoo. Sisi tulitoa mkono na kusema kwa lugha ya kwetu "Mbuya mono!", yaani salama sana. Mama mdogo akaficha uso kwa leso, eti tumemwaibisha.

Halafu siku moja katika likizo alitupandisha kivuko asubuhi, kwenda na kurudi, hatuna tunachofuata ng'ambo. Tulikula mihogo ya kukaanga, tukatazama maji, tukarudi. Watoto wangu siku hizi hawawezi kupanda hata ngazi bila kujipiga picha, na nikiwasimulia safari ile wananiuliza, "Sasa mlikuwa mnaenda kufanya nini?"

Mwaka jana, asubuhi moja, Magesa mwana wa mama mdogo alimpigia Mama simu. "Mama mkubwa, mama ametutoka. Tunawasubiri." Mama alilia, kisha akajifuta machozi, akafanya kama tunavyofanya sisi. Aliita ukoo. Kufikia mchana uwanja wetu ulikuwa umejaa, kamati ya mazishi imeundwa, mwenyekiti amepatikana, kwaya ya kanisa imearifiwa, na wanawake wanabishana juu ya rangi ya vitambaa. Safari ikapangiwa Alhamisi ya wiki iliyofuata. Kwetu maiti hulala mochari hadi wa Nairobi wafike na wa Ulaya wapate tikiti. Hakuna hata mmoja aliyeuliza huko Musoma wanazika lini. Miaka yote ile tulikuwa tumekwenda kwao kwa furaha, hatukuwahi kwenda kwa msiba.

Jioni Magesa akapiga tena. "Mama mkubwa, mmefika wapi? Tunazika kesho saa nane."

"Kesho?" Mama alisimama. "Magesa, mtu hazikwi kama kuku!"

"Huku hatuna desturi ya kuweka, mama. Nitawabembeleza wazee wawasubiri mpaka saa kumi."

Tuliondoka alfajiri, Mama na mimi, kwa gari la kukodi. Wengine hawakuwa na karatasi za kusafiria. Hata Mama alikuwa na kitambulisho tu, na pale mpakani kitambulisho hakitoshi. Tukajaza fomu ya pasi ya muda. Tukapiga picha. Tukaambiwa kadi ya njano, ile ya chanjo ya homa ya manjano, nayo iko wapi? Mimi nilikuwa nayo, Mama hakuwa nayo. Tukapanga foleni, akachomwa sindano mkononi huku ameniegemea. Kadi huanza kufanya kazi baada ya siku kumi, lakini afisa wa afya alimtazama Mama usoni akasema, "Pita, mama. Pole kwa msiba." Hakuna aliyetukosea pale. Jua tu lilikuwa limeenda.

Kinesi tulikuta kivuko ndiyo kwanza kimeng'oa nanga. Tulipopanda kilichofuata, Mama hakukaa katikati. Alisimama ukingoni kabisa, ameshika chuma, haimbi. Tulikuwa katikati ya maji simu ilipolia.

"Mama mkubwa, tumemzika," Magesa alisema. "Wazee wamekataa kungoja zaidi. Nisamehe."

"Sawa, mwanangu," Mama akasema. Akanirudishia simu, akaendelea kutazama mbele.

Kivuko kilipofunga gati, watu walishuka, kila mmoja akatafuta aliyekuja kumpokea. Mama aliangalia gati lote, upande huu na upande ule, kama mtu aliyedondosha kitu. Nilimwambia twende, Magesa anatungoja nyumbani. Akasema, "Tukae kidogo, Moraa. Yeye alikuwa anatungoja sisi." Tukaketi pale kivulini mpaka kivuko kingine kikaja. Mama akainuka kukitazama kikitia nanga, kisha akachukua kikapu chake tukaenda kaburini.

Tuliporudi kwetu, watoto wangu walituuliza kwa nini hatukutazama mazishi kwenye simu. Labda wao wana akili kuliko sisi. Mimi nafikiria tu kwamba tulivuka miaka ile yote bila karatasi hata moja, na daima kulikuwa na leso nyekundu upande wa pili. Sasa Mama ana kadi ya njano kwenye mkoba wake wa kanisani. Pale mpakani walimwambia aitunze vizuri, kwa sababu haiishi muda, ni ya maisha yake yote. Hajapata tena pa kwenda nayo.